Kitabu cha databesi hata cha zamani nunua, cha websaiti tazama mwaka kwanza

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ukurasa wenyewe mdogo na watu wana mengi ya kusema kuhusu maji na barabara, lakini hili nalo limenikaa kifuani siku nyingi na linawagusa vijana wetu huku Pemba na huko Unguja pia. Nataka kuzungumzia vitabu vya kompyuta, khasa vya databesi, yaani ghala la kuhifadhia data kwa mpangilio ndani ya kompyuta, na vya kutengeneza websaiti, namna tunavyovichagua, au niseme kweli tu kwamba mara nyingi hatuchagui, kitabu kimeletwa na mgeni, au kimeuzwa rahisi, au kimetumwa pdf kwenye simu, basi ndo hicho hicho tunakikamata na tunakiamini kama msahafu.

Mie nasomesha kompyuta hapa Wete, darasa la jioni, vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita na watu wazima wachache wenye maduka yao. Mtoto wa ndugu yangu, msichana, alipomaliza skuli alipata hamu kubwa ya kujifunza kutengeneza websaiti. Akaenda Unguja kwa shughuli nyengine, akapita Darajani akakuta kitabu kinene kimetandazwa chini pamoja na vitabu vyengine vilivyotumika, cha PHP, lugha ya kuandikia websaiti, na MySQL, programu ya databesi, jalada zuri linang'aa, akatoa pesa aliyokuwa nayo karibu yote akanunua. Karudi nacho kwenye boti kakipakata. Akanambia, "Ami, sasa sikusumbui tena, kila kitu kimo humu." Nikafurahi, nikamwambia hongera mwanangu, na mie nikashughulika na mambo yangu wala sikukifungua hicho kitabu. Kosa langu hilo na nalisema wazi.

Wiki tatu baadae nikamuuliza umefika wapi, akaanza kulia. Kila anachokinakili kutoka kwenye kitabu kompyuta inamkatalia. Kauandika ule mstari wa kuunganisha na databesi herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, kauandika tena, kaifuta XAMPP, ile programu inayotia PHP na databesi kwenye kompyuta yako, kaiweka upya mara nne, jibu ni lile lile, kwamba mysql_connect haijulikani. Akanambia, "Ami, hizi kompyuta si zangu, bora nitafute kazi nyengine." Nikakichukua kitabu nikafungua ukurasa wa pili, pale penye maandishi madogo madogo ambapo hapana mtu anaposoma, nikakuta 2005.

Mhariri, hiyo mysql_connect na ndugu zake wote wa aina ile, watengenezaji wa PHP walishatangaza toka toleo la 5.5 mwaka 2013 kuwa zimechakaa watu waache kuzitumia, na lilipotoka toleo la 7 mwezi wa Disemba 2015 wakaziondoa moja kwa moja. Yaani yule mtoto hakukosea hata herufi moja. Alikuwa anaandika sawasawa kabisa kitu ambacho kimeshaondolewa toka yeye bado mdogo skuli ya msingi. Na wiki tatu alizokaa akijiona mjinga usiku kucha, nani atamrejeshea?

Sasa mtu atasema dawa rahisi, anunue kitabu kipya. Si rahisi hivo na hapa ndo ninapoomba watu wanisikilize. Vitabu vipya ni ghali, ukiagiza nje gharama za kukifikisha Pemba zinaweza kukaribia bei ya kitabu chenyewe, wengi wetu hatuna kadi za kulipia huko, na vitabu tunavyovipata huku vingi ni vya zamani, tutaishi navyo tupende tusipende. Kwaivo suala la kujiuliza ni kipi cha zamani bado kinafaa na kipi kimeoza. Na mie kwa nilivyoona darasani jawabu lipo wazi: elimu ya databesi inakaa muda mrefu, elimu ya websaiti inachacha upesi. Wee ukipata kitabu cha databesi cha mwaka 1998 kwa bei ya chini, chukua, nenda nacho nyumbani, kitakufaa. Ukipata cha websaiti cha mwaka 1998, hata cha bure, kiache hapo hapo.

Kwanini iwe hivo? Fikra ya kuweka data kwenye majedwali yenye kuhusiana aliianzisha Edgar Codd, Muingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule California, na makala yake ilichapishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 wenzake wawili wa hapo hapo IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuulizia hizo data, mwanzo ikiitwa SEQUEL na baadae ikawa SQL. Mwaka 1986 Marekani wakaiwekea kiwango rasmi na mwaka uliofuata ikawa ya dunia nzima. Tokea hapo imeongezwa mambo mengi lakini msingi wake haukubomolewa, swali la SELECT, lile la kutoa data kwenye jedwali, alilolijifunza mtu mwaka ule ukiliandika leo kwenye programu za databesi kama PostgreSQL au MariaDB au hata SQLite iliyomo ndani ya simu yako ya Android, linajibiwa. Maana yake kitabu kinachofundisha vizuri namna ya kugawa data kwenye majedwali na namna ya kuyaunganisha hakina tarehe ya kuharibika.

Upande wa websaiti ni mambo mengine kabisa. HTML5, yaani toleo la tano la lugha ya kuandikia kurasa za websaiti, imekuwa rasmi mwaka 2014. JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa ufanye kazi ndani ya kivinjari, imebadilika sana mwaka 2015, ukisoma kitabu cha kabla ya hapo utajifunza lugha ambayo mtu wa leo akiiona anakunja uso. Ule upangaji wa ukurasa kwa gridi ya CSS, lugha ya kupamba na kupanga ukurasa, umeingia kwenye vivinjari mwaka 2017, kabla yake watu walikuwa wanahangaika kwa njia nyengine, na wa zamani zaidi walikuwa wanapanga ukurasa kwa kutumia majedwali, na kuna vitabu bado vinafundisha hivo. Flash, ile ya picha zinazotembea, ambayo zamani ilikuwa na vitabu vyake chungu nzima imezikwa mwisho wa 2020. Lugha nyengine ya programu, Python, toleo lake la 2 limesitishwa tarehe 1 Januari 2020, na kitabu chake ukikinakili kwenye toleo la 3 mstari wa kwanza tu wa print, ile amri ya kuandika kwenye skrini, unakataa. PHP yenyewe nayo ipo toleo la 8 toka Novemba 2020. Na kuna jambo moja ambalo vijana wangu nikiwaambia hawaamini, lakini ni kweli, kuna vitabu vilichapishwa na kuuzwa vikiwa vimeandikwa PHP 6 kwenye jalada, na PHP 6 haikutoka kamwe, kazi ilianza ikawashinda wakaiacha, wakaruka kutoka 5 wakaenda 7. Kwaivo ukikiona kitabu hicho ujue kinafundisha toleo ambalo halikuwahi kutolewa.

Sasa nije kwenye databesi maana huko ndo kuna utamu, na ndo kwenye kasoro ya wanafunzi wengi. Kijana akija darasani anataka websaiti, anataka rangi, anataka picha zinazotembea. Nikimwambia tuanze na karatasi na kalamu tuchore majedwali anaona namchelewesha. Lakini chukua karafuu, kitu tunachokijua wote. Mama yangu msimu wa karafuu alikuwa na buku lake la wachumaji, kila jioni anaandika jina la mtu, shehia yake, pishi alizochuma, na pesa aliyompa. Leo kaandika Khamis, kesho kaandika Hamisi, kesho kutwa kwa haraka kaandika H. tu. Msimu ukiisha unataka kujua huyu bwana kachuma pishi ngapi jumla, haijulikani, mara inatokea mtu mmoja kawa watatu, mara watatu wamekuwa mmoja, na hapo ndo panapozuka maneno. Kijana asiyejua databesi akiliona buku lile anakwenda kutengeneza programu yenye jedwali moja refu, jina, shehia, simu, tarehe, pishi, malipo, yaani kalichukua tatizo la mama kalitia ndani ya kompyuta na umeme juu yake.

Codd alichokisema kwa lugha ya hesabu ndo hicho hicho, kwamba kitu kimoja kikae pahala pamoja. Jedwali la wachumaji, kila mtu mara moja na namba yake. Jedwali la mchumo, kila siku mstari, ndani yake namba ya mchumaji na tarehe na pishi. Ukitaka jumla unayaunganisha. Kitabu kikiweza kumfanya mtoto aelewe hili, kwamba kwanini majedwali mawili na si moja, basi hicho ni kitabu, hata kama karatasi zake zimeshakuwa za manjano. Kisichoweza hata kiwe kimechapishwa juzi sikitaki.

Na nambari hizo kwetu sie zina umuhimu zaidi kuliko hata kwa wale walioandika vitabu. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani utakuta jedwali la mwanzo kabisa lina safu ya jina la kwanza na safu ya jina la ukoo. Sasa sie ukoo wetu upo kwenye jina gani? Mtu hapa ana jina lake, la baba, la babu, na akina Juma Khamis Juma ukiita kwenye foleni moja Chake Chake wanaweza kugeuka wanne. Nimeona programu ya duka moja iliyotengenezwa na kijana mwenye akili nzuri tu, inatafuta wateja wenye deni kwa jina la mwisho, kama alivyofundishwa na kitabu, basi deni la mtu likaenda kwa mtu mwengine kwa sababu babu zao majina mamoja. Kitabu hakikumkosea, kitabu kiliandikwa kwa watu wa kwengine. Ni sisi tunaosomesha tuliotakiwa kumwambia, hapa simama, hapa kwetu hapako hivi.

Pesa nayo hivo hivo. Mfano wa kitabu umeandikwa kwa dola, bei imewekewa DECIMAL(6,2), yaani tarakimu sita jumla na mbili kati yake ni za senti, kwaivo bei kubwa kabisa inayoingia ni 9,999.99. Kwa dola inatosha duka zima. Kwa shilingi hata mfuko wa mchele hauingii! MySQL za miaka ya nyuma zilikuwa zinaikata bei kimya kimya zinaweka 9999.99 na maisha yanaendelea, mwenye duka anakuja kushangaa kila kitu chake kina bei moja, toka toleo la 5.7 la mwaka 2015 ndo kawaida yake inakataa na kusema kosa. Ukitaka kuhesabu shilingi jipe nafasi, tarakimu kumi na tano usizionee choyo. Na hata ile INT ya kawaida, safu ya nambari nzima, inaishia kwenye bilioni mbili na kitu, mtu anaeweka hesabu za mradi mkubwa kwa shilingi anaweza kuifikia. Namba za simu pia, usiziweke kwenye safu ya nambari hata kama kitabu kimefanya hivo, sifuri ya mbele inapotea, 077 inageuka 77.

Jengine ni maandishi. Maalim mmoja wa madrasa aliniomba nimtengenezee orodha ya wanafunzi, majina kwa herufi za Kiarabu. Kijana aliyekuwa ananisaidia akafuata kitabu chake cha zamani, databesi ikaundwa kwa latin1, mpangilio wa herufi usiokuwa na za Kiarabu, ambayo ndo ilikuwa kawaida ya MySQL zamani, majina yote yakatoka alama za kuuliza mstari mzima. Toka MySQL 8.0 ya mwaka 2018 kawaida imekuwa utf8mb4, ambayo inachukua Kiarabu na kila kitu. Kwaivo hata kwenye databesi nilizozisifu kuwa hazichachi kuna vijisehemu vya kuangalia, na hivo ni vile vya programu yenyewe, msingi haujabadilika.

Sasa hili ninalolisema hapa nalitaka kila mzazi na kila mwalimu alisome hata kama mengine ameyaruka. Kuna jaribio dogo la kupima kitabu chochote cha websaiti na databesi na halihitaji ujuzi mkubwa. Fungua pale wanapofundisha kuingiza jina kutoka kwenye fomu kwenda kwenye databesi. Tazama kama lile jina la mtumiaji wamelichomeka moja kwa moja katikati ya sentensi ya SQL ndani ya vinukuu, au kama wameweka alama ya kuuliza au jina lenye nukta mbili (:) mbele na thamani ikaletwa baadae peke yake. Wakichomeka moja kwa moja kifunge kitabu, kirudishe.

Sababu ni hii. Kwenye SQL maneno yanafungwa kwa kinukuu kimoja mwanzo na mwisho. Wee mkaazi wa Ng'ambo unajaza fomu, unaandika mtaa wako, Ng'ambo. Kompyuta inasoma kinukuu cha mwanzo, inasoma Ng, inakutana na kile kikato chetu, inadhani neno limeshakwisha, halafu inakuta ambo haijui ni kitu gani, inaanguka. Lugha yetu sisi imejaa ng', ng'ombe, ng'ambo, ming'oko, na majina ya watu kama Sa'id kwa wanaoandika hivo. Websaiti iliyotengenezwa kwa kitabu cha aina hiyo itakufa siku ya kwanza tu mikononi mwa Waswahili wenyewe bila ya kuwepo mtu mbaya. Na mtu mbaya akija ndo hatari zaidi, kwa sababu pale pale penye tundu anaweza kuandika amri yake ya kufuta au kusoma kila kitu. Hii njia ya wizi inajulikana toka mwisho wa miaka ya 1990 na mpaka leo watu wanaibiwa nayo kwa sababu vitabu vibovu bado vinazunguka. PHP imekuwa na PDO, kifaa chake cha kuzungumza na databesi, ya kufanya kazi hii vizuri toka toleo la 5.1, kwaivo hata udhuru wa kusema njia ilikuwa haipo hauna nguvu.

Ukishamaliza hapo tazama na ukurasa wa pasiwedi. Ukiona md5, njia ya zamani ya kugeuza pasiwedi isisomeke, kama ndo kinga ya pasiwedi ujue kitabu kimepitwa, ile md5 ni nyepesi mno, kompyuta ya leo inajaribu maneno kwa mamilioni kwa sekunde. Toka mwaka 2013 PHP ina password_hash ya kazi hiyo.

Kuhusu unene nina maoni yangu na najua wengine hawatokubali. Vile vitabu vya kila kitu ndani, HTML na CSS na JavaScript na PHP na MySQL kurasa elfu moja, mie sivipendi kwa anaeanza. Mtu anaona kapata faida, kapata vitabu vitano kwa bei ya kimoja, lakini fungua uone databesi wameitia wapi, sura mbili tatu huko nyuma, na JOIN, yaani kule kuyaunganisha majedwali, imepewa kurasa chache kama mtu aliyekuja harusini amechelewa. Bora vitabu viwili vyembamba, kimoja SQL tupu na kimoja websaiti cha miaka ya karibuni. Na kama pesa ni ya kimoja tu, nunua cha SQL, kwa sababu upande wa websaiti nyaraka rasmi zipo bure na zinasasishwa kila siku, mwongozo wa PHP upo bure, MDN, websaiti ya maelezo ya HTML na JavaScript, ipo bure, na hata PostgreSQL nyaraka zake ni bure na ndefu kuliko kitabu chochote utakachokibeba. Mwongozo wa PHP na wa PostgreSQL unaweza kushusha wote mara moja ukausoma nyumbani bila bando. Hilo la bando ni muhimu sana huku kwetu, tazama kitabu kama mifano yake inafanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe bila intaneti, maana siku hizi kuna vitabu kila mfano unavuta kitu kutoka nje, bando likiisha na somo limekwisha. SQLite kwa mfano ni faili moja tu, haina sava, umeme ukikatika laptopu ikaendelea na chaji wee unaendelea kusoma.

Vijana wananiambia maalim siku hizi watu wanasoma kwa video. Sikatai, video nzuri zipo, ila video inakula bando na inakwenda kwa mwendo wake, na databesi ni kitu cha kurudi nyuma ukurasa mara tano huku umeshika kalamu.

Kiingereza nacho tusikifiche. Vitabu vyote hivi ni vya Kiingereza na wengi wetu Kiingereza chetu ni cha kuungaunga. Kabla hujanunua simama hapo hapo dukani usome ukurasa mmoja wa katikati, si wa mwanzo kwa sababu wa mwanzo wote wameulainisha. Ukielewa nusu chukua, nusu nyengine utaipata kwa kufanya. Usipoelewa kabisa hata kiwe kimesifiwa na dunia nzima hakijakuwa chako bado. Mie wanafunzi wangu nawaambia wawe na buku la pembeni waandike maneno yao wenyewe kwa Kiswahili, jedwali, safu, mstari, ufunguo, fahirisi, na maana yake kwa mfano wa nyumbani kwao. Mabuku hayo baada ya mwaka yanakuwa na thamani kuliko kitabu kilichosomwa.

Na ombi langu la mwisho ni kwa wanaoleta vitabu vya msaada, na maskuli na maktaba zinazovipokea. Ahsanteni na Mungu awalipe, nasema kwa dhati, mie mwenyewe nimesoma kwa vitabu hivo. Lakini kabla ya kukipanga kitabu cha websaiti kwenye rafu, mtu mmoja mwenye kuelewa akifungue, atazame mwaka na toleo, na kama ni cha zamani abandike karatasi ndani ya jalada kwa Kiswahili, kwamba hichi ni cha PHP 5, sura fulani bado nzuri, sura fulani usizinakili. Ni kazi ya nusu saa kwa kitabu. Mtoto wa shamba akikichukua hatokaa wiki tatu akijidhania mjinga.

Sie tumefanya hivo kwa kile kitabu cha 2005. Tulikaa Ijumaa mbili mie na mtoto wa ndugu yangu, kila penye mysql_connect tukabandika kikaratasi cha PDO juu yake kwa gundi, kila penye md5 tukabandika, na zile sura za mwisho za kugawa majedwali na JOIN hatukuzigusa hata moja kwa sababu zilikuwa nzuri kuliko nilizozikuta kwenye vitabu vipya. Kasomea hapo hapo. Sasa hivi ana programu yake ya mchezo wa akinamama wa mtaani, wanachama ishirini na mbili, nani katoa nani bado nani zamu yake, na kila mmoja ana namba yake, wapo kina Fatma watatu humo na hawajachanganyika. Kitabu kipo darasani kwangu, kimevimba kwa makaratasi hata hakifungiki vizuri, na mwalimu yeyote anaetaka kuja kuona tulivyokifanya aje baada ya laasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa.

Wasalaam,
Mwalimu wa kompyuta,
Wete, Pemba